Homa Itokayo Ukutani

*Homa ya papasi ina dawa rahisi, na mdudu ailetaye amejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Mwandishi wetu alikwenda Mkunya kutazama kwa nini maradhi haya yangali ya kuhadhariwa.*

Na Mwandishi Wetu, Mkunya

Jua lilikuwa halijapanda sana, na ukungu wa Newala, ambao wakati wa kipupwe hukawia juu ya mikorosho kama mgeni asiyetaka kuaga, ulikuwa ungali umetanda, nilipofika katika kiwanja kimoja hapa Mkunya na kuwakuta vijana watatu wakiibomoa nyumba ya udongo ya bibi yao.

Kando yake ilisimama nyumba mpya ya matofali, bati lake bado lameremeta, iliyojengwa kwa fedha ya korosho za misimu miwili. Na bibi mwenyewe, mwenye umri wa miaka 80 na ushei, alikuwa ameketi juu ya kigoda chini ya mwembe, akiwaelekeza wajukuu lipi lihifadhiwe na lipi litupwe.

Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nami nilipotaka kukaa juu ya tofali lililokuwa karibu na ukuta wa zamani akaninyooshea mkono kunizuia.

"Mjukuu wangu, usikae hapo," alisema. "Wenyeji wa ukuta huo bado hawajahama."

Sikulielewa neno lake mpaka mmoja wa wale vijana alipochukua njiti ya ufagio akachokoa ufa uliokuwa chini kabisa ya ukuta, pale kilipoegemea kitanda cha bibi kwa miaka yote ya ujane wake, na kutoka katika vumbi laini kama unga wa muhogo akakiviringisha juu ya bapa la jembe kitu cha kiasi cha punje ya mbaazi.

Kilikuwa cha rangi ya udongo wenyewe, ngozi yake imekunjamana na kukakamaa kama kiatu kikuukuu, hakina kichwa cha kuonekana kwa juu wala alama yoyote ya uhai, nami nilikuwa tayari kuamini kwamba ni kokoto tu, hata nilipoinama kukitazama na pumzi yangu ikakifikia. Hapo kikaanza kunyoosha miguu, mmoja baada ya mmoja, hata ikatimia minane, na kwa mwendo wa pole kikashika njia kuelekea upande wangu.

Huyo ndiye papasi. Wazee wetu walimpambanua zamani na kupe wa ng'ombe na mbwa, maana kupe hung'ang'ania mwilini mwa mnyama siku kadha wa kadha, ilhali papasi ni mwizi wa usiku: hutoka ufani taa ikishazimwa, hunywa damu ya aliyelala kwa muda usiotimia saa, aghalabu pasipo kusikiwa, na alfajiri humkuta amekwisha kurejea katika vumbi lake.

Katika mate yake, na katika maji ayatoayo kwenye mashina ya miguu wakati anaposhiba, mna bakteria wembamba waliojisokota kama uzi wa parafujo, ambao wataalamu huwaita borelia. Hao ndio waletao homa ya papasi, maradhi yanayompiga mtu yakamwacha, yakamrudia yakamwacha tena, na yasipotambuliwa mapema yaweza kumwondoa duniani.

Mdudu asiye na haraka

Yeyote atakaye kupigana na maradhi haya hana budi kwanza kumjua papasi, kwa kuwa tabia zake ndizo zinazofanya dawa na mbinu nyingi zilizowafaa watu katika kupigana na mbu zisifae kitu mbele yake.

Papasi huyu wa nyumbani hana macho. Joto la mwili na pumzi ya mtu ndivyo vimwongozavyo gizani. Hahitaji maji yaliyotuama kama mbu, wala nyasi ndefu kama kupe wa porini. Ahitaji ufa, vumbi kavu, na mtu alalaye karibu.

Kisha ana subira ya ajabu. Aweza kukaa miaka kadhaa bila kula chochote, amejikunja katika ufa wa nyumba iliyohamwa, hata siku atakapokuja mpangaji mpya na kutandika mkeka wake.

Na zaidi ya hayo, papasi jike huwarithisha wanawe maradhi kwa njia ya mayai, hivyo mwana aweza kuambukiza mtu ingawa yeye mwenyewe hajapata kamwe kumnyonya mgonjwa. Nyumba ambayo hakuna aliyeugua ndani yake kwa miaka mingi yaweza kuwa na sumu ile ile iliyokuwa nayo alipoihama mwenyewe wa kwanza.

> Papasi aweza kukaa miaka kadhaa bila kula, amejikunja katika ufa wa nyumba iliyohamwa.

Bibi alinieleza jambo moja ambalo sikuwa nimelifikiria, nalo lahusu maji. Uwanda huu wa juu wa Makonde, uliosimama zaidi ya futi 2,000 juu ya usawa wa bahari, una udongo wa kichanga unaoinywa mvua yote mara inyeshapo, wala hauna mito juu yake. Na kabla ya mradi wa maji uliojengwa katika miaka ya 1950, wanawake walikuwa wakiteremka mabondeni kabla ya mapambazuko na kupanda tena na mitungi vichwani.

Maji yaliyopatikana kwa taabu kama hiyo, alisema, hayakuwa ya kumwagwa chini. Yalikuwa ya kupikia na ya kunywa. Na sakafu ya udongo, isiyonyunyizwa wala kusiribwa ila kwa nadra, ilibaki na vumbi jepesi ambalo kwa papasi ni godoro.

Nilipomsikiliza niliona jinsi ilivyo dhuluma kuwaambia watu kwamba maradhi haya yatokana na uchafu wao. Bibi yule ni nadhifu kuliko wengi niwajuao mijini. Nyumba yake ilifagiwa kila siku ya Mungu, na ufagio, kwa bahati mbaya, hauingii ufani.

Kasongo, mwaka 1905

Elimu ya maradhi haya haikupatikana bure. David Livingstone, ambaye mwaka 1866 alishuka Mikindani kisha akafuata Ruvuma, uwanda huu ukiwa mkono wake wa kulia, alikuwa amekwisha kuandika katika kitabu chake cha mwaka 1857 habari za kupe wa vibandani, yaani papasi, aliowakuta Angola, ambao kuumwa nao huleta maradhi.

Mwaka 1904 matabibu wawili waliokuwa Uganda, Philip Ross na Arthur Milne, walitangaza kwamba homa hii huletwa na kupe huyo. Wakati huo huo, mashariki ya Kongo, Joseph Everett Dutton na mwenziwe John Todd, waliotumwa na Chuo cha Tiba za Nchi za Joto cha Liverpool, walikuwa wakilithibitisha jambo lile lile.

Wote wawili waliugua homa waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifariki tarehe 27 Februari 1905 huko Kasongo, mji wa Manyema ambao Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuota mizizi ndani yake kabla yeye hajafika, na bakteria wa maradhi haya wanaitwa kwa jina lake hata leo: *Borrelia duttonii*.

Mwaka huo huo Robert Koch, tabibu Mjerumani mwenye sifa ya kugundua vijidudu vya kifua kikuu, alikuwa katika nchi hii hii yetu, akichunguza papasi wa vibanda vya kupumzikia misafara kutoka pwani kwenda bara. Ni yeye aliyewaona bakteria hao ndani ya mayai ya papasi, akafahamu kwamba mama huwarithisha watoto.

Tena alitambua kwamba njia za misafara zilikuwa ndizo njia za maradhi: mpagazi alilala kibandani, papasi akaingia katika mkeka au mzigo wake, na kesho yake mdudu akawa na makao mapya, mwendo wa siku nzima kutoka alikozaliwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifanya uenezi huo kwa majeshi mazima. Mnamo Novemba 1917, baada ya mapigano makali ya Mahiwa, jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kwa kupitia uwanda huu likavuka Ruvuma, na homa ya papasi iliwaandama askari na wapagazi wa pande zote mbili popote walipolazimika kulala katika vibanda vya njiani.

Mara mbili kwa dawa ya malaria

Naandika habari hizi nikiwa na sababu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, katika mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipanga chumba cha udongo katika kijiji kimoja cha bara, nikatandika mkeka chini kwa kuwa sikuwa na fedha ya kitanda, nikalala usingizi wa kijana aliyechoka.

Hazikupita siku kumi homa ikanishika kwa kishindo: kichwa kikawa kama kinapasuliwa kwa kabari, mgongo na magoti yakauma hata nisiweze kugeuka, nikatetemeka chini ya mablanketi mawili na kutapika kila nilichokunywa. Nilipelekwa zahanati, nikapewa dawa za malaria. Siku ya nne nikatoka jasho jingi, homa ikashuka, nami nikajihesabu mzima na kumshukuru Mola.

Baada ya wiki moja ikarudi. Nikapewa dawa zile zile, na kwa mara nyingine ikashuka, maana hiyo ndiyo hila ya maradhi haya: homa hushuka yenyewe, na sifa huchukuliwa na dawa yoyote iliyomezwa jana yake.

Iliporudi mara ya tatu nilikuwa siwezi kusimama, macho yamekuwa manjano, na waliokuwa nami walikuwa wamekwisha kuanza kunong'ona juu ya kuwaita jamaa zangu. Walinipakia katika gari la mizigo hadi hospitali, ambako mzee mmoja wa maabara alikaa juu ya hadubini yake muda mrefu kuliko ilivyo desturi, kisha akaniita, ingawa nilikuwa nimeshikiliwa na watu wawili, nije nitazame mwenyewe.

Niliona, baina ya chembe za damu zilizojaa kama sarafu zilizomwagwa, nyuzi nyembamba za zambarau, zimejipinda na kujiviringa, nyingi kupita idadi. Akaniuliza swali ambalo katika wiki tatu zile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Alitaka kujua nimelala wapi.

> "Umelala wapi?" Katika wiki tatu za homa hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Kurudi kwa homa kuna sababu yake. Mwili hupigana na borelia na kuwaua walio wengi, ndipo mgonjwa apatapo nafuu. Lakini wachache wao hubadilisha vazi lao la nje, hata askari wa mwili wasiwatambue tena, nao huzaana upya mpaka homa irejee. Pasipo tiba mchezo huo waweza kurudiwa mara nyingi, na kila mara ini, moyo na ubongo hulipa gharama.

Dawa yenyewe si ya ghali wala si ya kutafutwa ng'ambo. Doksisaiklini au tetrasaiklini kwa mtu mzima, erithromaisini kwa mjamzito na mtoto mdogo, penisilini pia, zote zimo katika rafu za nchi hii tangu zamani.

Sharti moja tu: saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa halaiki, mgonjwa aweza kutetemeka vibaya, joto likapanda na shinikizo la damu likaanguka. Kwa hiyo hapaswi kupewa vidonge akarudishwa nyumbani peke yake. Inampasa akae mbele ya macho ya muuguzi hata hatari ipite.

Kipimo cha haraka na hadubini

Hapa ndipo penye hitilafu ya maoni baina ya watu wenye nia njema, na msomaji apaswa kuzisikia pande zote.

Kipimo cha haraka cha malaria, kile kijibao cheupe kitumiacho tone moja la damu na kutoa jibu kabla chai haijapoa, kilianza kuenezwa katika zahanati za Tanzania mwaka 2009, na heri yake haikanushiki. Hakihitaji umeme, wala hadubini, wala mtu aliyesomea maabara. Na kimepunguza mazoea ya kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria kwa kubahatisha.

Wanaokitetea husema, nao wana haki, kwamba malaria huua watu wengi kuliko homa ya papasi, na kwamba zahanati ya kijijini yenye muuguzi mmoja na wagonjwa 60 kwa siku haiwezi kudaiwa kazi ya maabara ya hospitali kuu. Kumtaka muuguzi huyo atazame kila tone la damu kwa hadubini ni kumtaka awaache wagonjwa wengine barazani.

Wa upande wa pili, aghalabu watu wa maabara waliokula chumvi nyingi, hujibu kwamba kipimo kile kinaulizwa swali moja na kutoa jibu moja. Zamani damu ilipopakwa juu ya kioo na kutazamwa ili kutafuta malaria, borelia nao walionekana, ijapokuwa hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Leo kijibao kikisema si malaria, mwenye homa ya papasi hutoka na panado, na homa yake ikishuka yenyewe siku ya nne, hakuna ajuaye kwamba kuna jambo lililopita.

Maradhi yasiyoonekana hayaandikwi daftarini, na yasiyoandikwa hayatengewi fedha. Kisha hutokea mtu akasema, kwa kuwa daftari li tupu, maradhi yamekwisha.

Jinsi gani yaweza kupotea machoni yalidhihirishwa mwaka 2003, pale William Kisinza wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu pamoja na wenzake walipochapisha katika jarida la *The Lancet* habari za kijiji kimoja cha Tanzania ya kati. Katika watoto 54 waliokuwa na homa, 6 walikuwa na borelia katika damu. Na katika watoto 307 walioonekana wazima, 13 walikuwa nao pia.

Mtoto mmoja katika kila tisa wenye homa si jambo dogo, na kwa maoni yangu yatosha kuamua hoja. Sisemi kipimo cha haraka kiondolewe. Nasema kisiwe ndicho mwisho wa mazungumzo: kila kituo cha afya kiwe na hadubini inayofanya kazi na mtu wa kuitumia, na kila zahanati iwe na mazoea ya kumpeleka huko yule ambaye kipimo kimekanusha malaria yake na homa yake imerudi.

Mama na kichanga

Mtu mzima aliyekulia katika nyumba za papasi hupata kinga ya namna fulani, na mara nyingine huugua kidogo tu. Ndiyo maana mgeni, mwalimu aliyehamishwa, mchuuzi, mwanafunzi aliyepanga chumba, huangushwa vibaya mahali ambapo wenyeji hutembea.

Lakini mwenyeji aliye mjamzito hana uhakika huo. Katika uchunguzi uliofanywa hospitalini katika sehemu za mashamba za Tanzania na kuchapishwa mwaka 1997, vifo vya watoto wa wajawazito walioshikwa na homa hii, kwa kuzaliwa wafu au kufa mara baada ya kuzaliwa, vilizidi 400 katika kila uzazi 1,000.

> Zaidi ya 400 katika kila uzazi 1,000: watoto waliopotea kwa mama zao kushikwa na homa ya papasi.

Nimeisoma hesabu hiyo mara nyingi wala sijaizoea. Mama hupoteza mimba, au huzaa kabla ya siku zake, au huzaa mtoto ambaye damu yake imekwisha kuingiwa na bakteria akiwa bado tumboni. Na kwa kuwa sababu haikujulikana, husemwa kwamba ni kudra, au, vibaya zaidi, majirani humtafuta mchawi.

Kliniki ya wajawazito ndipo mahali pa kwanza pa kuuliza mama amelala wapi. Swali hili halina gharama, na yule aulizwaye ataweza kujibu bila ya haya akiulizwa kwa heshima.

Dawa au nyumba

Juu ya namna ya kumwondoa papasi mwenyewe, kuna wanaotumaini dawa ya kupulizia na kuna wanaotumaini saruji.

Katikati ya karne iliyopita, katika Kenya na Tanganyika, iligunduliwa kwamba DDT iliyowaua mbu haikumshinda papasi, bali unga wa dawa iliyoitwa gamaksini, ukinyunyizwa sakafuni, ulimwangamiza. Lakini dawa ya jamii hiyo hukaa mno katika udongo na miili ya viumbe, na mwaka 2009 lindane, ambayo ndiyo kiini chake, iliwekwa katika orodha ya kupigwa marufuku chini ya Mkataba wa Stockholm.

Hata hivyo njia haikufungwa. Mwaka 1998 matabibu wa Mvumi, mkoani Dodoma, walitangaza kwamba nyumba zenye papasi zilipopuliziwa dawa ya lambda-sailothrini, homa ya papasi ilipungua kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Dawa hiyo si mgeni nchini: ndiyo iliyotumika katika dawa-ukoko ya mbu katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kazi iliyoanzia Muleba mwaka 2007.

Tafauti ni mahali pa kupulizia. Anayemlenga mbu hupulizia ukuta anapotua mbu. Anayemlenga papasi hana budi kuinama, apulizie sakafu, mashina ya kuta, nyufa na chini ya vitanda, na arudie kazi hiyo, maana papasi aliye ndani ya ufa aweza kungoja hata nguvu ya dawa iishe.

Katika kutembea Mkunya niliona barazani mwa nyumba nyingi mashine za kupulizia salfa mikorosho. Watu wa Newala na Masasi wamepigana na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, kwa miaka mingi. Wanajua kupima dawa, kufunga pua na mdomo, kufuata kalenda. Sisemi salfa iingizwe nyumbani wala mtu yeyote apulizie alalapo dawa ya shambani, kwa kuwa huko ni kujitafutia msiba mwingine. Nasema kwamba ujuzi wa mikono upo, na mabwana afya wakiamua kuleta dawa ifaayo na mafunzo yake, hawataanzia sifuri.

Wapinzani wa dawa hujibu kwamba dawa ni mkopo na nyumba ndiyo malipo. Sakafu ya saruji haina vumbi, ukuta uliopigwa lipu hauna ufa, na papasi hana pa kukaa. Ni kweli tupu. Walakini saruji hununuliwa kwa fedha, na bei ya korosho hupanda na kushuka. Kuwaambia walio maskini wangoje mpaka wajenge ni kuwaambia wangoje huku wakizika vichanga.

Baina ya dawa na saruji kuna mambo madogo ambayo mtu aweza kuyafanya leo. Kulala juu ya kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta, badala ya mkeka. Kuchomeka chandarua chini ya godoro pande zote. Kuziba nyufa za chini kwa udongo mbichi kila baada ya mavuno, na kusiriba sakafu, kazi ambayo mabomba ya maji yameifanya kuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa bibi.

Na kuku wasilale chumbani. Wachunguzi waliopima papasi wa vijiji vya Tanzania ya kati walikuta ndani yao damu ya kuku na ya nguruwe pamoja na ya watu, na wakawakuta kuku na nguruwe wenyewe wakiwa na borelia. Nguruwe ni wachache katika sehemu hizi. Kuku hawahesabiki, na wengi hulala uvunguni kwa kuogopa wezi na vicheche.

Hayo yahitaji kufundishwa, na nchi hii iliwahi kuonyesha jinsi ya kufundisha. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika kuzisikiliza redio vijijini, wakasoma pamoja, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Miaka miwili baadaye Wizara ya Afya ilishikwa na Dk. Leader Stirling, aliyeianza kazi yake ya utabibu katika nchi hii huko Lulindi, wilayani Masasi, mwaka 1935, na aliyejua kwa mikono yake mwenyewe nyumba za watu wa huku zilivyo.

Kampeni ile ilifundisha malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Papasi hakuwemo. Redio zingalipo, na sasa kuna simu katika kila mfuko wa shati.

Matendegu

Adhuhuri ilipofika ukuta wa mwisho ulikuwa umeanguka, na vumbi lililopanda lilitufanya sote turudi nyuma. Vijana walikuwa wameanza kubeba vilivyohifadhiwa kuvipeleka katika nyumba mpya: sanduku la mbao, kinu, mlango wenye nakshi aliouchonga marehemu mume wa bibi, na kitanda cha kamba.

Bibi aliwaacha wapite na vyote ila kitanda. Aliwaamuru wakiweke juani, wakipindue, na mmoja wao akalete sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka jikoni tangu asubuhi, ambayo nilikuwa nikidhani ni ya ugali.

Kijana yule hakuona haja. Alisema kitanda ni kizuri, kimekwisha kufutwa, na nyumba ile ina sakafu ya saruji.

Bibi hakujibizana naye. Aliinuka kwa taabu kutoka kigodani, akaishika ncha ya khanga yake kuushikia mkono wa sufuria, na akaanza kumimina mwenyewe, polepole, tendegu baada ya tendegu, katika kila tundu ambamo mbao huingia katika mbao; na katika tundu la tatu, maji yalipofurika na kutiririka chini, yalitoka pamoja na punje mbili za rangi ya udongo, miguu yake imekunjwa.

Akawaonyesha kwa kidole, akaomba sufuria ya pili.